Barua moja, siku tatu: mwongozo wa kuandika kwa kompyuta kwa anayeanza kabisa

Duka langu liko Mombasa, kwenye kichochoro kinachotokea Mwembe Tayari. Kompyuta nne, printa moja, mashine ya fotokopi, na feni inayofanya kazi kuliko sisi sote. Wengi wanaoingia hawaji kutumia kompyuta. Wanakuja na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu na kuniambia, "Nipigie hii." Nawapigia, wanalipa, wanaondoka. Wiki inayofuata wanarudi na karatasi ileile kwa sababu tarehe imebadilika.

Mweka hazina mmoja wa chama cha akina mama alirudi mara nne kwa barua moja. Mara ya tano nikamwambia, "Mama, kaa kitini. Leo utaandika mwenyewe." Akacheka: "Mwanangu, mimi na mashine hizi wapi na wapi?" Ilituchukua siku tatu, saa moja kila siku. Mwongozo huu ni zile siku tatu, pamoja na makosa niliyoyaona kwa wengine waliokaa kwenye kiti hicho baada yake.

Tutafanya kazi moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho: barua rasmi ya kikundi kuomba mkopo, na ukurasa wa pili wenye jedwali la michango. Ukiiweza hiyo, barua ya kazi, kumbukumbu za mkutano na insha ya mwanao ni njia ileile.

Programu ya kutumia

Kuna tatu utakazokutana nazo. Word ya Microsoft, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1983, ndiyo iliyo katika ofisi na saiba (maduka ya kompyuta na intaneti) nyingi, na inalipiwa. LibreOffice Writer ni ya bure kabisa, inafunguka hata kwenye kompyuta kuukuu, na inasoma faili za Word. Google Docs nayo ni ya bure, unaitumia ndani ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, au kwenye simu, na kazi yako inajihifadhi yenyewe mtandaoni.

Ushauri wangu: kama kompyuta ni yako na huna pesa ya kulipia, weka LibreOffice. Usikubali Word ya wizi inayozungushwa kwa flashi. Nimefuta virusi vingi vilivyoingia kwa mlango huo.

Simu je? Inatosha kurekebisha tarehe au jina ukiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni. Haitoshi kujifunzia, maana kidole gumba hakifundishi vidole vingine tisa.

Jambo moja la lugha kabla hatujaendelea. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ambayo menyu zake zote zilikuwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, kompyuta utakayoikalia Mombasa leo karibu hakika itakuwa na menyu za Kiingereza. Kwa hiyo vitufe na menyu nitazitaja kwa maneno utakayoyaona kwenye skrini, ndani ya alama za kunukuu. Ni machache, na baada ya wiki utakuwa unayatambua kwa mahali yalipo, bila kuyasoma.

Vidole kwanza

Tazama kibodi. Gusa herufi F na herufi J. Utahisi kijinundu kidogo kwenye kila kimoja. Hivyo vimewekwa ili vidole vya shahada vipate nyumbani kwao bila macho kutazama. Kidole cha shahada cha kushoto kikae F, na vinavyofuata D, S, A. Cha kulia kikae J, na vinavyofuata K, L na kile kitufe cha nukta mkato. Vidole gumba vyote viwili vinabaki juu ya kitufe kirefu cha chini, cha nafasi.

Sisi tuna bahati: mstari huo wa katikati unatoa maneno kamili ya Kiswahili. Andika haya polepole, kila moja mara kumi, macho yakiwa kwenye skrini:

dada kaka lala kasha sadaka jalada shahada dagaa hadaa ghala

Ukiyazoea, andika sentensi hii ya kwetu pwani, ambayo haitoki kabisa nje ya mstari huo:

kaka kala dagaa kalala

G na H ziko katikati, nazo hufikiwa na vidole vya shahada vikinyooka kidogo upande. Utagundua pia kwamba kidole kidogo cha kushoto kinachoka mapema. Ndicho kinachobonyeza A, na Kiswahili hakina herufi inayotumika kuishinda A. Ukiumwa, pumzika, usianze kuiba kwa kidole kingine. Q na X waweza kuzisahau mwezi mzima.

Herufi kubwa: shikilia "Shift" kwa mkono mmoja, bonyeza herufi kwa mkono mwingine. "Caps Lock" ni ya kichwa cha habari tu. Ukiona maneno yako yote yanapiga kelele kwa herufi kubwa, uliigusa bila kujua. Ibonyeze tena izime. Kitone cha juu cha ng'ombe na ng'ambo kiko upande wa kulia, jirani na "Enter".

Dakika 15 kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi. Mama yule alikuwa akifanyia mazoezi kibodi bovu nililompa akae nalo nyumbani, halikuunganishwa na kitu chochote. Wajukuu walimcheka, lakini siku ya pili alirudi vidole vikijua njia.

Hifadhi kabla hujaandika neno

Fungua programu, chagua ukurasa mtupu, yaani "Blank document". Utaona kijistari kinachopepesa juu kushoto. Hicho ni kishale cha kuandikia: herufi itatokea pale kilipo, wala si pale macho yako yalipo. Wanafunzi wangu wengi wameandika nusu ya sentensi ndani ya sentensi nyingine kwa kusahau hili.

Sasa, kabla ya neno la kwanza, bonyeza Ctrl na S kwa pamoja: shikilia Ctrl, gusa S, achia. Nitaandika Ctrl+S kuanzia hapa. Programu itauliza jina na mahali pa kuweka faili. Ikiwa ni Word mpya, huenda ukahitaji kubofya "Browse" kwa kipanya kwanza. Chagua flashi yako au folda ya "Documents".

Jina liseme kitu. "Barua" si jina. Baada ya mwezi utakuwa na Barua, Barua1, Barua mpya na Barua mpya kabisa, na hutajua ipi ilipelekwa. Andika aina, mada na tarehe, mwaka ukitangulia: barua-mkopo-2025-03-14. Tarehe ikiandikwa hivyo, faili zinajipanga zenyewe kwa mfuatano.

Baada ya hapo gusa Ctrl+S kila unapomaliza sentensi mbili tatu. Stima ya mtaa wetu haiagi ikiondoka. Word hujiwekea nakala ya dharura, lakini isipobadilishwa hufanya hivyo kila dakika 10. Anayeanza huandika maneno kama 15 kwa dakika, kwa hiyo umeme ukikatika sekunde moja kabla ya nakala hiyo, umepoteza maneno 150. Hiyo ni barua nzima.

Kisha angalia karatasi. Kompyuta nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangiwa karatasi ya Marekani iitwayo Letter, sentimita 21.59 kwa 27.94. Karatasi inayouzwa hapa ni A4, sentimita 21 kwa 29.7. Tofauti ni ndogo kwa macho lakini printa inaijua: itawasha taa, itagoma, na wewe utadhani imeharibika. Kwenye Word nenda "Layout", kisha "Size", chagua "A4". Kwenye LibreOffice iko "Format", kisha "Page Style". Pambizo ya sentimita 2.54 kila upande ni sawa, iache.

Andika kwanza, pamba baadaye

Huu ndio mgogoro wangu na kila mwanafunzi. Anaandika "Kikundi cha", anasimama, anatafuta rangi ya bluu. Acha. Andika barua yote ikiwa imebanana upande wa kushoto, haina rangi, haina nzito, haina kitu. Hivi:

Kikundi cha Akina Mama Wauza Viungo,
S.L.P. 000,
Mombasa 80100.

14 Machi 2025

Meneja wa Mikopo,
S.L.P. 000,
Mombasa 80100.

Kwa Bwana/Bi,

KUH: OMBI LA MKOPO WA KIKUNDI

Sisi ni kikundi cha wanawake 22 tunaouza viungo sokoni. Tunaomba mkopo wa shilingi 150,000 ili tununue mashine ya kusaga na kulipia leseni zake.

Kila mwanachama huchanga shilingi 500 kwa mwezi. Jedwali la michango ya miezi mitatu iliyopita limeambatishwa.

Wenu waaminifu,

Mweka Hazina

Badilisha majina, namba za sanduku na tarehe ziwe zako. Wakati wa kuandika, sheria ni tatu.

"Enter" ni ya kumaliza aya, si ya kumaliza mstari. Maneno yakifika ukingoni yatashuka yenyewe. Waliojifunza zamani kwa tapureta ndio wanaopata taabu hapa, kwa sababu kule ulilazimika kurudisha gari la karatasi mwanzoni kila mstari ulipoisha. Ukibonyeza "Enter" mwisho wa kila mstari, siku utakayoongeza neno moja katikati, mistari yote itavunjika kama ngazi.

Nukta na mkato hugusana na neno lililotangulia, kisha nafasi moja tu.

Na ukikosea, usirudi kufuta kila kitu. "Backspace" hufuta kilicho kushoto mwa kishale, "Delete" hufuta kilicho kulia. Ukiharibu kikubwa, Ctrl+Z hurudisha hatua moja nyuma, na ukibonyeza tena hurudisha nyingine. Mzee mmoja aliwahi kuteua barua yake yote (yaani kuitia kivuli kana kwamba anataka kuibadilisha) bila kujua, akagusa kitufe cha nafasi, na kurasa mbili zikatoweka. Alinyanyuka kitini mikono juu kama aliyekamatwa. Ctrl+Z ikazirudisha zote. Tangu siku hiyo ndiyo njia ya kwanza ninayofundisha baada ya kuhifadhi.

Maradhi ya spesi

Sasa tunapamba, na tunaanza na anwani yako, ambayo kwa desturi ya barua rasmi hukaa juu kulia. Hapa ndipo karibu kila mtu hukosea. Anaweka kishale mbele ya anwani na kukandamiza kitufe cha nafasi mpaka maneno yafike kulia. Mstari wa kwanza unafika. Wa pili anausukuma, unapita kidogo. Wa tatu unapungua kidogo. Anaongeza, anapunguza, jasho linamtoka, na bado anwani imekaa kama meno ya mzee.

Kosa si lake peke yake. Kwenye tapureta ya kawaida kila herufi ilichukua upana uleule, i na m sawasawa, kwa hiyo kuhesabu nafasi kulifanya kazi. Herufi tunazotumia kwenye kompyuta zina upana tofauti: m ni pana, i ni nyembamba. Nafasi 40 mbele ya mstari mmoja hazikuhakikishii lolote kuhusu mstari mwingine. Na hata ukibahatika ukazilinganisha, ukibadilisha ukubwa wa herufi, au ukifungua faili kwenye kompyuta nyingine, zinatawanyika.

Dawa yake ni hii. Kwanza teua mistari mitatu ya anwani: bofya mwanzo wa mstari wa kwanza, shikilia "Shift", bofya mwisho wa mstari wa tatu. Maneno yatapata kivuli. Kisha tafuta kwenye "Home" kitufe chenye mistari na kimshale kinachoelekea kulia, kinachoitwa "Increase Indent". Kila ukibofya, mistari yote mitatu inasogea kwa pamoja. Kwenye Word huwa inasogea sentimita 1.27 kwa kila mbofyo. Saba au nane zinafikisha anwani mahali pake. Ukipenda kwa haraka zaidi, washa rula kwenye "View", kisha "Ruler", halafu vuta kijisanduku cha kushoto kilicho chini ya vile vipembe viwili.

Usitumie kitufe cha kulaza maneno kulia kwa anwani hii. Kitapanga mwisho wa mistari na kuacha mwanzo wake ukipinda, na anwani inatakiwa ianze kwenye mstari mmoja wima.

Unataka kujua kama una maradhi hayo? Kwenye "Home" kuna alama ya ¶. Ibofye. Ghafla utaona kila nafasi ikiwa kitone, kila "Enter" ikiwa ¶, kila "Tab" ikiwa mshale. Kwenye LibreOffice ni Ctrl+F10. Mimi huiita taa ya daktari. Vitone viwili vikifuatana, kuna nafasi ya ziada. Vitone 40, mgonjwa yuko hoi. Kuna watu huitazama na kuona aibu. Mimi naiacha ikiwaka kutwa.

Mapambo yaliyobaki

Kuteua ndiyo nusu ya kazi yote, kwa hiyo jifunze njia zake: bofya neno mara mbili linateuliwa, bofya aya mara tatu inateuliwa yote kwenye Word, Ctrl+A huteua hati nzima. Kilichoteuliwa kiko hatarini, ukigusa herufi yoyote kinafutwa, lakini dawa unaijua.

Bonyeza Ctrl+A, chagua Times New Roman, ukubwa 12. Si kwamba ni fonti nzuri kuliko zote. Ni kwamba karibu kila kompyuta inayo. Word ilikuja na Calibri kuanzia toleo la 2007, na siku hizi Aptos, na faili yenye Aptos ikifunguliwa kwenye mashine kuukuu inabadilika sura, mstari wa mwisho unaruka ukurasa wa pili.

Teua mstari wa KUH. Ctrl+B huufanya mzito, Ctrl+U huupigia mstari, Ctrl+E huuweka katikati. Chagua nzito au mstari. Vyote viwili pamoja ni kuvaa kofia juu ya kilemba.

Kuna Ctrl+J, inayonyoosha kingo zote mbili kama gazeti. Wengi huipenda. Mimi kwa Kiswahili siipendi, kwa sababu maneno yetu ni marefu: "tulivyowaandikia" likikosa nafasi mwisho wa mstari linashuka zima zima, na mstari wa juu unavutwa ubaki na mianya kama nyavu. Acha ukingo wa kulia ujipange wenyewe, Ctrl+L.

Umbali wa mistari: 1.15 unatosha barua. Na kuhusu nafasi ya sahihi kabla ya "Mweka Hazina", mabingwa watakuambia utumie mpangilio wa aya. Mimi nakuruhusu "Enter" tatu. Ni sahihi moja tu, dunia haitaanguka.

Kompyuta isiyojua Kiswahili

Barua yako sasa imejaa mistari myekundu ya mawimbi chini ya kila neno. Hujakosea. Programu inakagua kwa kamusi ya Kiingereza na kushangaa. Kwenye Word, teua yote, nenda "Review", "Language", "Set Proofing Language". Ukiona Kiswahili kichague. Kama hakina kamusi kwenye mashine hiyo, weka tiki kwenye "Do not check spelling or grammar" na mistari itapotea. LibreOffice ina kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia, ingawa hukwama kwenye maneno mengi ya pwani.

Hatari kubwa si mistari, ni programu kukusahihisha kimyakimya. Ukiandika "k.m. mchele", inadhani nukta ile imemaliza sentensi na kukuandikia "Mchele". Ukiorodhesha (a), (b), (c) kwenye Word, ile ya tatu inageuka © ya hakimiliki. Nimeona kumbukumbu za mkutano zimepelekwa hivyo, azimio la tatu likiwa na hakimiliki. Ikitokea, bonyeza Ctrl+Z mara moja tu, palepale: itarudisha ulichoandika na kuacha maneno yako.

Mtego wa tatu ni "Replace", Ctrl+H, inayobadilisha neno kila lilipo. Ni nzuri sana ukiitumia kwa uangalifu. Katibu mmoja alitaka kubadilisha jina Ali liwe Juma katika kurasa sita. Akabofya "Replace All". "Alisema" ikawa "Jumasema", "mali" ikawa "mJuma", na serikali yetu ikawa "serikJuma". Kabla ya kubofya, fungua "More" na uweke tiki kwenye "Find whole words only". Kiswahili huunganisha vipande vingi ndani ya neno moja, kwa hiyo tiki hiyo kwetu ni lazima.

Kunakili na kubandika

Teua, Ctrl+C kunakili au Ctrl+X kukata, peleka kishale unakotaka, Ctrl+V kubandika. Yote ndiyo hayo. Shida huja unapobandika kutoka WhatsApp Web au tovuti: maneno yanakuja na nguo zake, rangi ya kijivu, fonti ngeni, mandharinyuma. Badala ya Ctrl+V, bofya kitufe cha kulia cha kipanya na uchague picha yenye herufi A, "Keep Text Only". Maneno yatavaa nguo za mwenyeji.

Ukurasa wa jedwali

Peleka kishale mwisho kabisa wa barua: Ctrl+End. Usibonyeze "Enter" mara 20 kufika ukurasa wa pili, hayo ni maradhi yaleyale yamebadili jina. Bonyeza Ctrl+Enter. Ukurasa mpya unafunguka, na hata barua ikirefuka, jedwali litabaki linaanza juu ya ukurasa wake.

Andika kichwa: MICHANGO YA WANACHAMA, JANUARI HADI MACHI 2025. Kisha "Insert", "Table", na uburute visanduku sita kwa upana na viwili kwa urefu. Mstari wa kwanza andika Na., Jina, Januari, Februari, Machi, Jumla. Kusogea kutoka kisanduku kimoja hadi kingine bonyeza "Tab". Ukifika kisanduku cha mwisho na kubonyeza "Tab" tena, mstari mpya unazaliwa. Kwa hiyo huna haja ya kuhesabu mistari 22 mapema.

Teua safu za pesa na uzilaze kulia kwa Ctrl+R, ili mamia yawe chini ya mamia. Hapa ndipo kitufe hicho kina kazi. Teua mstari wa kwanza, ufanye mzito. Jumla piga kwa kikokotoo: kila mama 1,500, wote 22 ni 33,000. Word inaweza kujumlisha, lakini haibadilishi jibu yenyewe ukirekebisha mchango wa mtu, na karatasi ya pesa yenye jumla ya uongo imewahi kuvunja vyama.

Jedwali likikuzidi upana, usiipunguze fonti mpaka isomwe kwa miwani miwili. Vuta kingo za safu: Na. iwe nyembamba, Jina liwe pana.

Kuchapisha, na kuituma

Soma barua yote kwa sauti ya chini kabla ya chochote. Masikio hukamata neno lililorudiwa ambalo macho yameliruka.

Kisha itengeneze PDF. Kwenye Word ni "File", "Save As", na chini ya jina uchague "PDF". LibreOffice ina "Export as PDF". Google Docs iko ndani ya "Download". PDF ni barua iliyogandishwa: itaonekana vilevile kwako, kwangu na kwa meneja wa mikopo, hata kama mashine zetu hazina fonti sawa. Weka faili zote mbili, ya kuhariri na PDF. Ukija dukani kuchapisha, leta PDF. Nusu ya ugomvi wa "kwangu haikuwa hivi" ungeisha.

Ctrl+P hufungua dirisha la kuchapisha. Tazama picha ya ukurasa upande wa pili. Kurasa ni ngapi? Ukiona tatu na wewe uliandika mbili, kuna "Enter" zilizobaki nyuma ya jedwali, zifute. Chapa nakala moja kwanza, uisome mkononi, ndipo uchape nyingine.

Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama "Document". Ukiipiga picha skrini, atakayeipokea hataweza kuichapisha ikasomeka.

Kabla hujainuka kitini

Kompyuta ya saiba ni ya kila mtu. Kama ulifungua barua pepe au Google Docs, toka kwa "Sign out". Kufunga dirisha peke yake hakutoshi. Futa nakala yako kwenye "Documents" na "Downloads", kisha mwaga "Recycle Bin". Skani ya kitambulisho ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Jioni huwa nafuta za watu nisiowajua, namba na sura zao zimekaa wazi kwa yeyote aliyekalia kiti hicho mchana.

Mwisho, flashi. Usiichomoe tu. Kwenye kona ya chini kulia bofya alama yake, chagua "Eject", ngoja ujumbe kwamba ni salama, ndipo uivute. Kisha uitie mfukoni. Karibu na printa yangu kuna kopo la maziwa ya unga lililojaa flashi za watu waliokumbuka kila kitu isipokuwa hilo. Kama yako ni nyekundu na imefungwa uzi mweusi, bado iko.